Wekundu wa Lincoln

Kutoka Omaha hadi Lincoln ni mwendo wa saa moja hivi kwa barabara kuu namba 80, na asubuhi ya mechi unaweza kudhani magari yote ya Nebraska yamekubaliana kwenda upande mmoja. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2024. Mahindi yalishavunwa, mashamba yamebaki mabua na maghala ya chuma ya nafaka, na karibu kila gari lililotupita lilikuwa na bendera nyekundu yenye herufi N ikipigwa na upepo dirishani. Aliyenipeleka ni ndugu mmoja wa Uvira, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Siku za kazi yuko kiwanda cha nyama. "Kaka, siku ya mupira batu bote banavaa rouge," aliniambia, na yeye mwenyewe alikuwa na kofia nyekundu kichwani. Mchezo huu alifundishwa na watoto wake, waliourudisha nyumbani kutoka shuleni pamoja na Kiingereza.

Nilikuwa nimekuja na swali moja. Timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska iliwahi kuwa mwamba usiosogezwa. Leo ni timu ya kawaida, na kwa miaka mingi imekuwa chini ya kawaida. Je, inaweza kutawala tena?

Msomaji wa kwetu ajaribu kuwaza nchi isiyo na Yanga wala watani wengine, ambako kila mtu, kuanzia gavana hadi muuza mafuta, ni Simba. Nebraska ina watu kama milioni 2. Haina timu hata moja katika ligi kubwa za kulipwa, na haina chuo kingine kinachocheza ngazi hiyo ya juu ya mpira wa vyuo. Mapenzi yote ya jimbo yanamiminika katika uwanja mmoja, Memorial Stadium, uliofunguliwa mwaka 1923. Ukijaa, watu waliomo ndani wanazidi wakazi wa Bellevue, mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima. Nao hujaa kila mara. Tangu tarehe 3 Novemba 1962 hakuna mechi ya nyumbani ambayo tiketi zake hazikuisha. Siku ile mfululizo huo ulikuwa umeshapita mechi 400. Mechi ya kwanza ya mfululizo huo Nebraska ilifungwa na Missouri 16 kwa 7, jambo ambalo wazee wa hapa hulisimulia kwa fahari: walianza kuja kabla hawajaahidiwa chochote.

Mwaka huo wa 1962 ndipo alipofika kocha Bob Devaney, mtu wa Michigan aliyetokea chuo cha Wyoming. Timu aliyoikuta ilikuwa imeshinda mechi 3 tu msimu uliotangulia. Akaipa ubingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971, ule wa pili ukipambwa na mechi ya sikukuu ya Shukrani walipoilaza Oklahoma 35 kwa 31 kwao Norman, mechi ambayo mpaka leo wengi huiita mechi ya karne. Mwaka 1973 akamwachia msaidizi wake Tom Osborne, mzaliwa wa Hastings, mji mdogo wa humu humu Nebraska. Osborne alikaa misimu 25, na katika yote hiyo hakuna hata mmoja alioshinda mechi pungufu ya 9. Akatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997, huu wa mwisho wakigawana na Michigan, kisha akastaafu. Katika misimu yake 5 ya mwisho timu ilishinda mechi 60 na kupoteza 3.

Watu wawili waliifundisha timu kwa miaka 36. Tangu 1998 wameshapita sita.

Mapema wiki hiyo nilikuwa nimeelekea magharibi hadi Wood River, mji wenye watu elfu moja na ushei, karibu na mto Platte. Nilitaka kuona Nebraska ya vijijini, maana ndiko ilikotoka nusu ya nguvu ya timu hii. Mtaa mkuu una benki, ghala la nafaka linaloonekana kutoka mbali kuliko kanisa, na reli ambayo treni za mizigo hupita juu yake bila kusimama. Katika mgahawa wa asubuhi nilikaribishwa mezani na wakulima wazee. Mmoja wao, mikono yake mikubwa imekizunguka kikombe cha kahawa, alinieleza habari za vijana waliojiunga na timu bila kufadhiliwa.

Chuo hutoa ufadhili kamili wa masomo kwa wachezaji wachache kinaowataka. Nebraska ikafungua mlango wa pili: kijana yeyote wa jimbo mwenye mwili na moyo angeweza kuja kwa gharama zake, akafanya mazoezi na wenzake, akanyanyua vyuma, akavumilia miaka miwili au mitatu bila jina lake kutajwa popote. Akikomaa, anapewa ufadhili na jezi ya kikosi cha kwanza. Kikosi kilifika karibu vijana 150. Mazoezini waliweza kujipanga katika vikundi vingi kwa wakati mmoja, kila mmoja akirudia zoezi lile lile mara nyingi kuliko mchezaji wa chuo kingine chochote. "Kila wilaya ilikuwa na mtoto wake kule," mzee alisema. "Ulikuwa hutazami timu, unamtazama kijana wa jirani yako."

Nilimuuliza na sasa je. Alitazama nje kidogo kabla ya kujibu. "Sasa wanahesabiwa."

Alikuwa akizungumzia mabadiliko yaliyokuwa yanakuja, na mwaka uliofuata yakaja kweli. Mwezi Juni 2025 jaji wa shirikisho aliidhinisha suluhu ya kesi iliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Sehemu ya suluhu hiyo ni ukomo wa wachezaji 105 katika kikosi. Kwa vyuo vingi hilo ni suala la karatasi. Kwa Nebraska ni mlango wa wilaya kupunguzwa upana.

Wood River ina jambo jingine. Scott Frost alikulia hapa. Ndiye aliyekuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira wa kwanza na kuongoza mashambulizi, katika timu ya ubingwa ya 1997. Mwaka 2017 akiwa kocha wa chuo cha UCF huko Florida alimaliza msimu bila kupoteza mechi, na Nebraska ikamwita nyumbani. Sidhani kama kuna kocha aliyewahi kupokewa kwa matumaini makubwa zaidi. Kijana wa mji mdogo, aliyefundishwa na Osborne mwenyewe, mwenye ubingwa mkononi. Alishinda mechi 16 na kupoteza 31. Msimu wa 2021 timu yake ilifungwa mara 9, na mara zote hizo tofauti ilikuwa chini ya pointi 10; kila wiki walikaribia, kila wiki wakaanguka dakika za mwisho. Septemba 2022, baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern 45 kwa 42, aliondolewa. Pale mgahawani hakuna aliyemsema vibaya. Walinyamaza tu kwa namna ambayo watu hunyamaza likitajwa jina la mtoto wa nyumbani aliyeshindwa mbele za watu, na mimi nikaona vyema nisiendelee kuuliza.

Lakini habari ya Frost ndiyo iliyonipa jibu la kwanza la swali langu. Walijaribu kurudi walikotoka kwa kumrudisha mtu aliyekuwapo, na haikuwezekana, kwa sababu pale walipokuwa hapapo tena.

Nguvu ya Nebraska haikuwa siri ya damu wala ya udongo. Walikuwa wa kwanza kufanya mambo ambayo wengine waliyadharau. Mwaka 1969, baada ya misimu miwili ya kushinda mechi 6 tu, Osborne, wakati huo msaidizi, aligundua kwamba wachezaji majeruhi waliokuwa wakinyanyua vyuma na mwanafunzi mmoja mruka kwa upondo aitwaye Boyd Epley walirudi wakiwa na nguvu kuliko walivyokwenda. Makocha wengi wa zama hizo waliamini vyuma humfanya mchezaji mzito na mkavu. Epley amesimulia kwamba Devaney alikubali kwa sharti moja: akipungua kasi hata mmoja, Epley hana kazi. Hakuna aliyepungua. Nebraska ikawa na kocha wa kwanza wa kulipwa wa mazoezi ya nguvu katika vyuo vya Marekani, na kwa miaka mingi safu yake ya mbele iliwasukuma wapinzani nyuma kama walivyotaka. Kisha kila chuo kikajenga chumba cha vyuma, na wengi wakaajiri vijana waliofunzwa Lincoln.

Televisheni nayo. Hadi mwaka 1984 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua ni mechi ngapi zionyeshwe na za nani, na timu kubwa kama Nebraska zilikuwa na nafasi yake pale. Mahakama ya Juu ya Marekani ikavunja utaratibu huo katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia. Kidogo kidogo kila timu ikawa inaonekana kila wiki, na kijana mwenye kipaji wa Texas au New Jersey hakuwa tena na sababu ya kuhamia tambarare zenye baridi ili mama yake amwone kwenye luninga. Mwaka 1996 ligi yao ya zamani ikaungana na vyuo vinne vya Texas kuwa Big 12, na kanuni mpya zikabana usajili wa vijana ambao alama zao za shule zilikuwa pungufu kidogo, vijana ambao Nebraska ilikuwa imewapokea na kuwalea. Mwaka 2011 wakahamia Big Ten kwenye fedha nyingi zaidi. Safari za kila mwaka za kucheza Texas zikaisha, na wachezaji wa kule wakapungua.

Halafu kuna opsheni, mbinu iliyowapa mabao mengi kuliko yote. Nimeitazama kwenye mikanda ya zamani mpaka macho yakauma. Kwotabeki anakimbia sambamba na safu ya walinzi. Mlinzi mmoja wa pembeni anaachwa makusudi, hazuiwi na mtu. Huyo ndiye anayesomwa. Akimrukia kwotabeki, mpira unatupwa kando kwa mkimbiaji anayefuata hatua chache nyuma. Akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anabaki nao na kuingia kwenye pengo. Mlinzi hana chaguo sahihi, na uamuzi wote unafanyika ndani ya pumzi moja. Tarehe 2 Januari 1996, katika Fiesta Bowl dhidi ya Florida, Tommie Frazier alibaki na mpira, akashikwa na mmoja, akajinasua, akashikwa na wengine, akajinasua tena, akakimbia yadi 75 hadi mwisho wa uwanja. Iliisha 62 kwa 24. Ukiziona mbio zile utaelewa kwa nini watu wazima wa Nebraska hushindwa kuongea wakiulizwa habari za miaka ile.

Anguko lina tarehe yake. Tarehe 23 Novemba 2001 Nebraska ilikwenda Colorado ikiwa haijapoteza mechi, ikafungwa 62 kwa 36. Haijawahi kuwa ile ile tena. Kocha Frank Solich, aliyemrithi Osborne, aliondolewa mwaka 2003 ingawa alishinda mechi 9 na kupoteza 3 msimu huo. Nadhani hapo ndipo walipojidhuru vibaya zaidi. Mkurugenzi wa michezo alisema hatakubali timu izoee ukawaida. Akaletwa Bill Callahan kutoka ligi ya kulipwa, mwenye mfumo wa pasi, akipewa wachezaji waliosajiliwa kwa ajili ya opsheni. Msimu wake wa kwanza Texas Tech iliwafunga 70 kwa 10, nao wakamaliza na vipigo vingi kuliko ushindi kwa mara ya kwanza tangu 1961. Bo Pelini alikuja 2008, akashinda mechi 9 au 10 kila msimu kwa misimu 7. Naye akafukuzwa. Mike Riley akafuata, kisha Frost. Ubingwa wa mwisho wa ligi yao walioupata ni wa 1999.

Tarehe hiyo hiyo ya 23 Novemba, miaka 23 kamili baada ya Colorado, ndiyo iliyonikuta mimi mlangoni mwa Memorial Stadium.

Kabla ya kuingia nilizunguka mitaa ya Haymarket, majengo ya matofali mekundu ambayo zamani yalikuwa maghala, sasa yamejaa watu wanaokula kusimama. Nilinunua runza, mkate laini uliofungwa wote, ndani nyama ya kusaga, kabichi na vitunguu, moto kiasi kwamba unaubadilisha mkono hadi mkono. Juu ya mji unaonekana mnara wa jengo la serikali ya jimbo, na kileleni sanamu ya shaba ya mtu anayepanda mbegu kwa kutupa mkono. Wapinzani wa siku hiyo, Wisconsin, walikuwa wameifunga Nebraska mara 10 mfululizo. Nebraska yenyewe ilianza msimu kwa ushindi 5 katika mechi 6, kisha ikapoteza 4 mfululizo, ya kwanza kati ya hizo ikiwa aibu ya 56 kwa 7 kutoka kwa Indiana. Ilihitaji ushindi mmoja tu ili iruhusiwe kucheza mechi ya ziada ya mwisho wa msimu, heshima ambayo zamani ilikuwa kama haki yao, misimu 35 mfululizo, na ambayo haikuwa imepatikana tangu 2016.

Wachezaji walipotoka kwenye njia ya chini, kila mmoja akinyoosha mkono kugusa kiatu cha farasi kama ilivyo desturi yao, kelele zilinipita kifuani. Niliketi nyuma ya mzee na mjukuu wake wa kike. Alikuwa akimweleza kila kitu, nani anazuia, nani anakimbia, kwa nini sasa na si baadaye. Kwotabeki alikuwa Dylan Raiola, kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye baba yake Dominic alicheza hapa katika safu ya mbele hadi mwaka 2000. Siku hiyo alirusha pasi kwa utulivu wa mtu mzima. Nebraska ilishinda 44 kwa 25. Dakika za mwisho mzee aliacha kueleza. Alimshika mjukuu begani, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na msichana akamwangalia kwa mshangao, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kuona kwa nini babu huja hapa.

Nami nililia. Si timu yangu, lakini ukikaa kati ya watu wengi namna ile, waliokuja kwa miaka saba ya kushindwa, kila Jumamosi bila kukosa, huwezi kubaki mgeni.

Usiku, tukirudi Omaha, yule ndugu wa Uvira aliniuliza kama sasa wamerudi. Nilimwambia bado. Nebraska ilikwenda New York Desemba hiyo ikaifunga Boston College 20 kwa 15 katika Pinstripe Bowl, chini ya kocha Matt Rhule, ikamaliza na ushindi 7 na vipigo 6. Mwaka 2025 ikamaliza na ushindi 7 na vipigo 6 vile vile. Raiola alivunjika mguu katika mechi dhidi ya USC, na msimu ulipoisha akahama chuo, kama vijana wanavyohama sasa kila dirisha la uhamisho linapofunguliwa.

Na msimu huo huo Indiana, timu ile iliyowafunga 56 kwa 7, ikawa bingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja. Indiana! Chuo ambacho kwa zaidi ya miaka mia kilijulikana kwa kufungwa. Kocha Curt Cignetti alifika hapo kutoka chuo kidogo mwishoni mwa 2023, akaja na wachezaji wake, akachagua wengine waliokomaa kutoka vyuo vingine, akawafundisha kutokosea. Jambo hilo linapaswa kuwapa watu wa Lincoln matumaini na maumivu kwa pamoja, kwa sababu ndivyo hasa Devaney alivyofanya mwaka 1962: mgeni, kutoka chuo kisichotajwa, aliyeona jambo moja kabla ya wengine.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Utawala wa miaka 40 hautarudi, Nebraska wala kwingine, maana mchezaji mzuri siku hizi hakai mahali pamoja miaka minne akikomaa, na mbinu mpya haimalizi misimu miwili kabla haijaigwa. Ubingwa mmoja unawezekana, tena ndani ya maisha ya yule mzee wa uwanjani nikimwombea afya. Fedha zipo, Big Ten ina mkataba wa televisheni wa zaidi ya dola bilioni 7, na chuo kimefungua jengo jipya la mazoezi lenye jina la Osborne. Watu wapo pia. Agosti 2023 waliujaza uwanja huo huo kutazama voliboli ya wanawake, watu 92,003, idadi iliyotangazwa kuwa rekodi ya dunia kwa mchezo wa wanawake. Jimbo lenye hamu ya namna hiyo halijafa kimichezo. Kinachokosekana ni wazo lao wenyewe, la leo, na subira ya kulilea. Osborne alisubiri misimu 21 kabla ya ubingwa wake wa kwanza, na katika misimu hiyo kulikuwa na watu waliotaka aondoke. Rhule akifika siku moja kwenye ushindi wa mechi 9, wamwache afanye kazi.